Jinsi ya kuangalia sherehe ya ufunguzi na watu wa mtaani bila watu kuhama katikati

Mechi haina haja ya maelekezo, unakaa, unapiga kelele, refa anasemwa, mnaenda kulala. Sherehe ya ufunguzi, hasa ya Olimpiki, ndo kazi. Hamna bao, hamna kadi, kuna watu wanacheza ngoma ambayo hakuna anayejua inamaanisha nini alafu timu mia mbili na kitu zinapita moja moja zinapunga mikono, na hapo ndo utawajua watu wa Dar. Bado mapema kabisa mmoja kashaomba rimoti aangalie tamthilia yake, mwingine anasema Simba Day ilikuwa kali kuliko hii, wa Yanga anamjibu kwamba kama ni hivyo basi Wiki ya Mwananchi ipelekwe Olimpiki kabisa, na mama wa chumba cha mbele kila saa anauliza sisi tunapita lini.

Mimi hukaribisha watu barazani, nyumba ya kupanga huku Temeke, na nilichokiona ni kwamba watu hawaji kuangalia ufunguzi, wanakuja kuusema. Kwaio wewe mwenye tivii usihangaike kuwanyamazisha, hutaweza na hata ukiweza utakuwa umeua shughuli. Kazi yako ni kuhakikisha muda wote wana kitu cha kusubiria na kitu cha kusema. Akikosa vyote viwili anaondoka na kiti chake.

Saa kwanza

Jua ni mashindano gani maana hayafanani. Kombe la Dunia ufunguzi wake ni mfupi, unapigwa kabla ya mechi ya kwanza, ukitoka kununua vocha unarudi umekuta wachezaji wanapasha. Qatar 2022 pale Al Bayt, 20 Novemba, Morgan Freeman wa muvi za Marekani akatokea akaongea na Ghanim Al-Muftah, yule kijana wa Qatar asiye na miguu, Jung Kook wa kundi la BTS akaimba, chap chap Qatar na Ecuador wakaingia na mwenyeji akala mbili bila. Hii haihitaji maandalizi, soda zinatosha. Olimpiki ndo inataka ujipange, Paris 2024 ilikaribia masaa manne na mvua juu.

Alafu badilisha saa mapema na uandike kwa lugha ya nyumbani. Paris ilianza saa moja na nusu jioni ya kule tarehe 26 Julai 2024, huku kwetu ikawa saa mbili na nusu usiku, safi kabisa watu wameshakula. Tokyo ile ya 2021 ilikuwa usiku kwao, kwetu ni saa nane mchana, tena Ijumaa, watu wapo makazini. Ukitupa tu kwenye grupu tangazo la kizungu limeandikwa 7:30 kuna mtu atalisoma saa saba na nusu na atakuja kukugongea kweli. Andika "saa mbili na nusu usiku saa zetu" na sio zaidi ya hapo.

Luku na king'amuzi

Nyumba ya kupanga mita moja wapangaji wengi, hapa ndo ugomvi unapoanzia kabla hata ya fataki. Tivii ya inchi 43 na feni kwa masaa manne hata uniti moja haifiki, piga hesabu utaona, lakini maneno ya luku huwa hayatokani na hela yanatokana na heshima. Kwaio nunua umeme wewe mwenye shughuli, na tokeni iingize mchana kweupe wakati watu wapo uani wanafua, bonyeza zile namba taratibu, mita ilie, kila mtu asikie. Usiku hakuna atakayekuhesabia.

King'amuzi kijaribu siku moja kabla sio siku ile ile. Hakikisha kifurushi ulicholipia kina hiyo chaneli, maana kuna watu wanalipia wakijua mashindano yapo alafu wanakuta yapo kifurushi cha juu yake. Kama mnaangalia kwa intaneti weka bando la kutosha na simu ya pili iwe na hotspoti imekaa tayari, na jueni kabisa kwamba nyinyi mtakuwa nyuma. Jirani mwenye antena au dishi anaona kitu kabla yenu, inaweza kuwa nusu dakika au zaidi, kwaio mtasikia mayowe ya upande wa pili na nyinyi bado mnaangalia mtu anapanda ngazi. Kwenye ufunguzi sio mbaya kama kwenye penalti, ila wakati wa kuwasha mwenge inauma.

Umeme ukikatika usitoe hotuba. Simu yenye chaji iwekwe kwenye kikombe juu ya meza, sauti ipelekwe kwenye spika ndogo ya betri, na mtangazaji wenu (nakuja kwake) aendelee kuhadithia. Watu hukaa hata skrini ikiwa ndogo, mradi kuna mtu anaongea.

Kuhusu sabufa, kama shughuli inavuka saa nne usiku mwambie mjumbe, na ulizia kama kuna msiba au mgonjwa karibu. Na kiingilio usitoze, mkachangiane chai na mihogo tu, ukianza kukusanya hela kwa king'amuzi cha nyumbani hiyo ni biashara nyingine yenye mambo yake.

Nani akae wapi

Watoto mbele kwenye mkeka. Wazee viti vyenye mgongo, pembeni upande usio na feni ya moja kwa moja. Wale wachambuzi, kila nyumba inao, waweke nyuma kabisa karibu na mlango, sauti yao itafika tu hata usipowapa nafasi. Kuna hili la kuchelewa, mtu anaingia saa tatu na nusu anaanza shikamoo mzee, shikamoo mama, mambo vipi kaka, za tangu juzi dada, anapita mbele ya skrini anashikana mikono na kila mmoja mpaka nchi nne zimepita. Waambie mapema kwenye grupu: ukichelewa simama mlangoni, sema shikamooni wote mara moja, kaa. Wazee wenyewe watakushukuru.

Rimoti ishike wewe au mtu mwenye vidole vyepesi. Hii nasema kwa sababu ya Paris, mtu kapakwa rangi ya bluu mwili mzima, nguo karibu hamna, kalala katikati ya maua kwenye sinia anaimba, na pale barazani wapo watoto na yupo mama mkwe wa mtu. Kubonyeza chaneli ya jirani sekunde kumi alafu kurudi ni adabu, ukikawia unaanza kuulizwa wewe ndo umewaletea nini.

Mtangazaji wa barazani

Hiki ndo kitu cha muhimu kuliko vyote. Watangazaji wa kwenye tivii mara nyingi wanaongea kizungu, na hata wakiongea kiswahili wanasoma idadi ya watu wa kila nchi na mji mkuu wake, mtu analala. Chagua mmoja wenu mwenye mdomo awe kama wale wanaotafsiri muvi kwenye vibanda umiza, yaani asitafsiri neno kwa neno, ahadithie. Ila ajiandae, asiwe anabuni. Vitu vya kumpa ni hivi:

Ugiriki kwa kawaida hutangulia kwa sababu michezo ilianzia kwao, mwenyeji anafunga. Timu ya wakimbizi ilianza Rio 2016, na tangu Tokyo inapita ya pili. Wanaokaribia kuwa wenyeji wanakaa mwishoni karibu na mwenyeji, ndo maana Paris uliwaona Australia na Marekani nyuma kabisa kabla ya Ufaransa. Katikati wote wanafuata alfabeti ya lugha ya mwenyeji, na hili ukilielezea vizuri linamaliza nusu ya mabishano, maana kule Paris Afrika Kusini walipita mapema sana watu wakaanza kusema wamependelewa, kumbe kwa Kifaransa wanaanza na A, Afrique du Sud, na Ujerumani nao hivyo hivyo, Allemagne. Beijing 2008 hawana alfabeti, walipanga kwa idadi ya michoro ya herufi zao, hapo hata mchambuzi wa mlangoni alikuwa hana la kusema.

Kwaio siku hiyo mchana mtangazaji atafute orodha ya kupita, aangalie sisi tupo baada ya nani, aandike majina ya nchi tatu zinazotutangulia kwenye karatasi aibandike ukutani. Mpe mtoto mmoja kazi ya kuangalia, nchi ya kwanza kwenye karatasi ikitokea anapiga kelele "wanakujaaa", wa chooni anatoka, wa jikoni anazima jiko. Bendera yetu inaonekana sekunde chache tu, na nimeona watu wamekaa masaa mawili wanaisubiria alafu wanaikosa kwa sababu ya kugeuza chipsi.

Ikishapita, kaa ukijua kitakachofuata ni nguo. Hapa waachie akina mama na dada, ndo wenye uwanja, watachambua kitenge, mshono, kola, viatu, mbona rangi ya njano imezidi, fundi nani, mbona wenzetu wa nchi fulani wamependeza. Acha iende hata dakika ishirini, ni sehemu bora ya usiku. Alafu atatokea mmoja aulize mbona wachache, na wa pili aseme tunaenda kutalii. Mtangazaji awe na jibu lenye majina, sio la hasira: medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote fedha, zote Moscow 1980, Filbert Bayi kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji na Suleiman Nyambui kwenye mita 5000. Na Alphonce Simbu Septemba 2025 kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, kamkuta Mjerumani mstari wa mwisho kabisa, wote wakaandikiwa 2:09:48, ikabidi picha ndo iamue. Ukisema hivyo watu wanatulia, wengine wanaanza kutafuta video ya zile mita za mwisho kwenye simu, na ni sawa, nchi za herufi zinazofuata zinapita zenyewe.

Makosa ni chakula

Sasa siri yangu. Gwaride ni refu, na kitu pekee kinachowaweka watu macho ni kutafuta kosa. Sisi Wabongo tukiambiwa kuna kitu kitaharibika tunakaa mpaka asubuhi. Kwaio kila mkifika sehemu imepoa mtangazaji atoe kisa kimoja cha kweli alafu aseme tuangalie na leo.

Sydney 2000, mkimbiaji wa Australia Cathy Freeman kawasha moto amesimama katikati ya maji, lile sufuria la moto likatakiwa lipande juu likakwama, akasubiri dakika kadhaa kashika mwenge na nguo imelowa dunia nzima inamwangalia, na siku chache baadae akachukua dhahabu ya mita 400 kama hamna kilichotokea. Seoul 1988 walirusha njiwa wa amani, baadhi wakaenda kutua juu ya sufuria la mwenge, moto ukawashwa, naomba nisiendelee. Sochi 2014 duara la tano la Olimpiki likagoma kufunguka, na wenyewe Warusi siku ya kufunga wakalifanyia utani kwa makusudi, wachezaji wakajipanga duara moja likachelewa kufunguka, hapo mimi niliwavulia kofia. Kombe la Dunia 1994 pale Chicago, mwanamuziki Diana Ross kapewa mpira apige penalti goli likiwa karibu kabisa, kapiga nje, na goli likapasuka katikati hivyo hivyo kwa sababu ndo lilivyopangwa. Fainali ya mashindano hayo hayo ikaisha na Roberto Baggio wa Italia kupaisha penalti, kwaio yalianza na penalti ya nje yakaisha na penalti ya nje.

Beijing 2008 ni ya kutoa mwishoni maana inaleta mjadala mrefu, wapiga ngoma 2008 kweli kabisa na ilitisha, lakini yule mtoto wa gauni jekundu aliyeimba sauti haikuwa yake, mtoto mwingine ndo aliimba akafichwa nyuma, na zile fataki za nyayo angani sehemu ya zilizoonekana kwenye tivii ilitengenezwa kwa kompyuta. Ukitaja hii utasikia mtu anasema mimi nilijua tangu siku ile. Hakujua.

Na Paris yenyewe ilikuwa bonanza. Bendera ya Olimpiki ilipandishwa kichwa chini miguu juu. Korea Kusini wakatangazwa kwa jina la Korea Kaskazini, ikabidi kamati ya Olimpiki iombe radhi, na hapo ndo mtu mwenye akili pale barazani alisema sasa hii ni sawa na kumtangaza Simba kwa jina la Yanga siku ya dabi, tukaelewana wote kwa sekunde moja.

Kuponda na kusifia

Kuna komenti ambazo lazima zije, jiandae nazo. Ya kwanza ni "hela yote hii si wangejenga hospitali". Usibishane nayo, ni hoja, mwache aiseme mara moja ipite. Akiirudia mpe sahani.

Ya pili ni ya freemason. Kule Paris farasi wa chuma anakimbia juu ya mto usiku kabeba mtu mwenye kofia usoni, mwanamke kashika kichwa chake mwenyewe dirishani, hapo utasikia tu "mnaona, mnaona, alama hizo". Njia nzuri ni kumpa mtangazaji maelezo mafupi ya kila picha. Mwanamke wa kichwa mkononi ni malkia Marie Antoinette aliyekatwa kichwa kwenye mapinduzi yao, na jengo lile lenye dirisha ndo alifungwa humo. Ukisema historia watu wanasikiliza, ukisema "acheni ushamba" wanaondoka.

Ya dini iangalie kwa makini zaidi, maana barazani kwetu wamekaa Wakristo na Waislamu mkeka mmoja na wengi walichukia ile sehemu ya Paris ya watu waliojipanga kwenye meza ndefu, wakaona ni dhihaka kwa karamu ya mwisho ya Yesu. Usimwambie mtu hakuona alichokiona. Sema kilichotokea: waandaaji waliomba radhi kwa walioumia, na aliyetunga sherehe, Thomas Jolly, alisema wazo lake lilikuwa karamu ya miungu ya zamani ya Ugiriki. Anayekubali akubali, asiyekubali aendelee kukasirika, pakua kahawa.

Na kusifia tufundishane, maana watu wanajua kuponda kwa ufundi alafu wakipenda kitu wanasema "noma sana" basi. Taja ulichokiona. "Yule mpiga piano mvua inamnyeshea na vidole havitelezi" ni komenti. "Céline Dion kaimba pale Eiffel baada ya kuumwa muda wote ule, na sauti ipo" ni komenti. "Aya Nakamura kawachezesha mpaka maaskari wa heshima" hii nayo, tena dada wa Kiafrika mzaliwa wa Bamako, barazani palilipuka vigelegele mtu wa mbali angedhani tumefunga bao.

Ukiandika mtandaoni

Kama unaweka stetasi laivu au unaandika kwenye grupu la familia, kumbuka kuna wenzio wapo nyuma yako, kwaio nani kawasha mwenge usimtaje mpaka dakika mbili zipite. Picha ya ajabu ikija angalia kwanza kama na nyinyi mmeiona kwenye skrini, maana usiku ule ule picha za mashindano ya zamani na za kutengeneza zinazunguka kama mpya. Na ukirekodi watu barazani wanavyoshangilia, omba ruhusa, mama wa chumba cha mbele hakuvaa kwa ajili ya mtandao.

Ikiwa ufunguzi upo hapa hapa Dar

Hili sio la kufikirika. 20 Oktoba 2023 African Football League, mashindano ya klabu za Afrika, ilifunguliwa kwa Mkapa, Simba na Al Ahly mbili mbili, Infantino rais wa FIFA yupo jukwaani. 2 Agosti 2025 CHAN, ile ya timu za taifa zenye wachezaji wa ligi za ndani tu, nayo ikafunguliwa pale pale, Taifa Stars wakawapiga Burkina Faso mbili bila, Sopu kwa penalti na Mohamed Hussein Tshabalala kwa kichwa. Na AFCON 2027 ni yetu na Kenya na Uganda.

Ukienda uwanjani jua utapata mzuka lakini sherehe yenyewe hutaiona vizuri, wachezaji wa ngoma wanaelekezwa kwa kamera na jukwaa kuu, wewe wa mzunguko unaona migongo. Ingia mapema kabla foleni ya Temeke haijafunga, alafu hakikisha nyumbani kuna mtu anarekodi, mkirudi mnaiangalia tena ndo mnajua mlishangilia nini. Wa nyumbani nao watege sikio upande wa uwanja, kwa sababu sisi wa karibu na uwanja tunasikia kelele za kweli kabla ya tivii kuonyesha.

Ya alfajiri

Los Angeles 2028 imepangwa 14 Julai, na jioni yao ni alfajiri yetu ya Jumamosi, tofauti ni masaa kumi. Hapa badilisha kila kitu. Sabufa hapana, spika ndogo. Chipsi hapana, uji wa moto na maandazi yaliyokaangwa jioni. Watoto walale hapo hapo sebuleni na wasiamshwe mpaka karatasi ya ukutani ifikie zamu yetu. Anayeswali alfajiri apewe kiti cha mlangoni atoke na kurudi bila kuruka watu, na mtangazaji apumzishwe mchana wa Ijumaa, asipewe kazi yoyote, mana akisinzia yeye mmesinzia wote. Luku iingizwe Ijumaa kabla ya magharibi.